Bedford ya Nyuma ya Stoo na Mikono ya Mathew Kiptanui

Ijumaa tarehe 31 Julai 1998, Bwana Mathew Kiptanui, fundi mkuu wa gereji ya kiwanda chetu cha chai, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Kamati imenipa mimi, Lenah Nyambeki, mtunza stoo, kazi ya kumwandikia. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu anaondoka, hata akilitia maji si neno.

Aliajiriwa mwaka 1965 kuosha malori, akitokea Longisa na shati moja. Alipanda cheo polepole hadi mwaka 1986, alipokabidhiwa gereji nzima. Malori yetu hubeba majani mabichi yanayodondosha maji mwaka mzima, na mvua yetu haina likizo, kwa hiyo kila nati hapa hushika kutu. Kutu ndiyo iliyompa Mzee Kiptanui sifa.

Silaha yake ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Ndani yake huchanganya dizeli, oili chafu na mafuta ya breki, na vipimo anavijua mwenyewe. Bosire wa getini aliwahi kujipaka dawa hiyo kwenye goti, akaapa kwamba amepona. Mkewe alimkataza kuingia nyumbani kwa siku mbili.

Lakini nataka kueleza juma moja la Februari mwaka huu, maana nililiona kwa macho yangu na bado linanishangaza.

Mvua ya El Nino ilikuwa imebomoa nusu ya daraja la kwenda upande wa Chepilat. Mafundi wa barabara waliruhusu magari madogo tu, na malori yetu yote yanayotembea ni makubwa. Kwa wiki tatu wakulima wa ng'ambo walichuma majani, wakangojea lori, wakayamwaga mtaroni. Mmoja wao ni mama yangu, Bitutu. Alikuwa amechoka. Alisema Jumamosi ikifika bila lori, atang'oa chai yote apande mahindi, na vijana wa kung'oa alishawatafuta. Hiyo ndiyo chai aliyoipanda na marehemu baba, na ndiyo iliyonisomesha. Nililia pale stoo bila aibu.

Lori dogo lilikuwepo moja tu: Bedford ya zamani, iliyolala nyuma ya stoo yangu tangu 1989, kuku wakitaga chini ya kiti. Magurudumu yalikuwa hayazunguki na injini ilikuwa imegandamana kabisa. Mzee alimwendea meneja Jumatatu asubuhi, akaomba hadi Ijumaa. Wapo walionong'ona kwamba hao wa ng'ambo si wa kabila letu, kwa nini ajisumbue. Yeye akachukua mkebe wake.

Jumatatu na Jumanne alilowesha nati kwa dawa yake na kuzigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha mlango kwa wakwe. Nilikasirika. Nilimletea nyundo kubwa kuliko zote stoo, nikaitupa miguuni pake.

“Madam Lenah,” akasema, “kutu haiogopi nguvu. Ukipiga na hii, itakuvunjia bolti halafu ikucheke. Wacha inywe mafuta kwanza.”

Jumatano magurudumu yalizunguka. Alhamisi akafika kwenye nozeli nne za kunyunyizia dizeli kwenye injini, ambazo lazima zitoke ili amimine dawa juu ya pistoni. Tatu zilitoka. Ya nne ilishikiliwa na bolti nyembamba kama penseli, na ikikatikia mle ndani basi, kwa sababu spea za lori hilo hazipatikani tena. Aliipasha moto wa gesi, akaigusisha nta ya nyuki, nayo nta ikayeyuka na kuzama. Kisha akaikaza! Kipchoge wa kulehemu alijishika kichwa. Mzee alikaza kidogo, akalegeza kidogo, kiasi cha upana wa ukucha, tangu chai ya saa nne hadi saa nane. Hakula. Jasho lilimtiririka, nasi watu wazima ishirini tukawa tunatazama mkono mmoja. Ilipolia na kuanza kuzunguka, sikuweza kupiga makofi. Niliogopa, kama mtu anavyoogopa kitu kitakatifu.

Dawa ililala ndani usiku kucha. Ijumaa akaitikisa injini kwa mtaimbo, mbele, nyuma, mbele, hadi pistoni zikaachia. Saa nane mchana Bedford ilitoa moshi mweusi ikanguruma, na kuku wakakimbia.

Tulipovuka daraja tukakuta kituo cha majani kitupu. Hakuna aliyechuma siku hiyo. Watu walikuwa wamekata tamaa. Honi haikulia, basi Mzee akagonga mlango wa lori kwa spana hadi kina mama wakatoka mashambani. Mama yangu alikuja mikono mitupu, akaiweka juu ya boneti iliyokuwa bado moto.

“Na kesho itakuja?” akauliza.

“Itakuja, Mama. Na Jumatatu pia.”

Jumamosi alfajiri vijana walifika na majembe yao. Mama aliwapa vikapu.

Mzee aliisindikiza Bedford ile mwenyewe kila siku hadi daraja lilipotengenezwa mwezi wa Aprili. Hakuna aliyemtuma.

Mzee Kiptanui, sisi sote wa kiwanda tunakushukuru kutoka moyoni. Nenda Longisa, ng'ombe wako nao wakuone mchana kwa mara ya kwanza. Mungu akupe afya, na maisha ya nyumbani yawe matamu kwako na kwa mkeo, Mama Cheptoo. Siku ukipita Chepilat, shamba la Bitutu liko chini tu ya barabara. Chai bado imesimama.