Ubao Unaoruka Bila Kufungwa

Mwaka wa 1979, kwenye treni ya Voi kwenda Taveta, Mama Tryphena wa Chawia alikuwa amepakata ubao wenye magurudumu manne, ambao shemeji yake alimletea bintiye kutoka Ulaya. Ochola, fundi wa reli aliyeketi kando yake, alizungusha gurudumu moja likakwama. “Beringi imeingia mchanga, mama. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha utie grisi.”

“Sitaki uteleze zaidi! Umemvunja mtoto mkono. Naupeleka kwa dada yangu aufiche. Ati akiruka, ubao nao unaruka naye.”

“Umefungwa miguuni?”

“Haujafungwa.”

“Sasa unarukaje?”

“Hata mimi sielewi, baba.”

Wala mimi niliyewasikiliza sikuelewa. Treni iliposimama Taveta, Tryphena aliuweka ubao chini, akaukanyaga kwa mguu mmoja, akamwambia Ochola, “Hebu nishike mkono.”