Valarie Anaanika kwa Neno la Nani

Benchi letu liko Kivumbini, kwa kona, ukutani mwa duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Gilgil. Mimi hushona viatu mwisho wa benchi, ndiyo maana wananiita Soli. Upande wa pili Wangui huweka jiko lake, na kahawa yake tungu ya tangawizi ndiyo inatukusanya. Katikati hukaa Ephantus, aliyefagia korti miaka kumi na minne akatoka huko akiitwa Wakili. Na pale pembeni, mahali unaona anga yote kutoka mlima Menengai mpaka ziwani, ni pa Nyongesa. Nyongesa ni fundi wa mabati. Mtu wa kupanda juu ya nyumba za watu lazima aijue mvua, na yeye aliijua hadi tukampa jina Satelaiti. Mwezi wa nne hapa Nakuru hauna msimamo: asubuhi jua linachoma utosi, saa nane unakimbia na gunia kichwani. Kwa hivyo mtu akitaka kuanika mahindi au kumwaga simiti, alipita kwa benchi kwanza. Hata Valarie, mke wa Nyongesa, ambaye kazi yake ni kufulia watu nguo, alikuwa akitoka kwa geti lao ng'ambo ya barabara, beseni kiunoni, anapaza sauti: "Baba Nekesa, nianike?" Nyongesa anatazama juu, anakunywa kahawa polepole ili tumwone vizuri, ndipo anajibu.

Halafu akaja Odongo.

Odongo alikuwa fundi wa mabomba kule Olkaria, kwa mitambo ya stima ya mvuke. Alipostaafu alikodi nyumba kwa ploti hiyohiyo ya kupanga anamoishi Nyongesa, mlango wa pili kutoka kwake. Mtu mpole, suruali imepigwa pasi hata siku ya kawaida. Wiki yake ya kwanza, Nyongesa alikuwa ametangaza siku kavu. Odongo akapita nje ya geti, akamwambia Valarie, "Mama, ningekuwa wewe ningetoa hizo nguo. Saa nane kuna mvua." Saa nane na dakika kumi maji yalikuwa yanaruka kwa mitaro. Kesho yake tena. Wiki tatu zikapita, hajakosea hata mara moja. Tukamwita Mvuke. Na Valarie akaacha kupaza sauti. Akitoka na beseni, anakata kushoto, anaenda kwa mlango wa Odongo.

Siku hiyo ya Alhamisi asubuhi, Nyongesa alikuwa ameshika kikombe mpaka kahawa ikapoa.

— Umeona? aliniuliza. Ameenda tena.

— Nani?

— Usijifanye, Soli. Bibi yangu. Ameenda kwa Mvuke.

— Si anauliza tu mvua.

— Leo ni mvua, kesho ni nini? Mwanamke akianza kuanika kwa neno la mwanaume mwingine, wewe umebaki na nini kwa hiyo nyumba?

— Umebaki na nguo kavu, Wangui akasema, akipepea jiko.

Wakili akakohoa. Akikohoa hivyo ujue methali inakuja.

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nguo ziko wapi? Kwa kamba. Na kamba iko wapi? Kwa ploti yenye Mvuke anaishi. Hiyo kesi imeisha.

— Lakini anajuaje? Nyongesa akauliza. Saa! Huyo mtu anataja mpaka saa!

— Ako na binamu kwa ofisi ya hali ya hewa, Wakili akasema. Wanampatia ile ya ukweli. Sisi kwa redio tunapewa ile ya "mvua hapa na pale".

Mimi nikasema ni flamingo. Ndege wa ziwani wanahisi mvua kabla ya binadamu, na nilishawahi kuona Odongo amesimama kando ya uzio wa mbuga, ametulia tu, anaangalia ndege kama mtu anasoma gazeti.

— Flamingo! Nyongesa akatema mate kando. Wacha niwaambie. Huko Olkaria wanatoa mvuke chini ya ardhi mchana na usiku. Ule mvuke huenda wapi? Si unapanda? Ukipanda si unakuwa wingu? Huyu amefungua na kufunga mabomba miaka ishirini na tisa. Hatabiri mvua huyu. Wenzake wanampigia simu wakiwa wanaifungua!

— Basi ni mshtakiwa wa kwanza, Wakili akasema. Kila mvua aliyotaja, alikuwa mahali pa tukio.

— Si mngemuuliza tu, Wangui akasema.

— Mimi? Nyongesa akamgeukia. Mimi niulize mtu mvua?

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Shingo ilikuwa imemvimba.

Hapo Valarie akatoka kwa Odongo, akavuka barabara akaja mpaka kwa benchi. Siku hiyo hakuwa na nguo za kawaida. Jioni iliyotangulia, Deepa, mama wa Milimani anayemfulia mwaka wa sita sasa, alikuwa amempa vitambaa vya meza kumi na viwili, vyeupe, vimetariziwa maua ya njano pembeni kote. Vilishonwa kwa mkono na Bhagwanti, mama mkwe wa Deepa, kabla hajafariki, na vilikuwa vya harusi ya Unnati, binti wa Deepa, Jumamosi hiyo. Havikuwa vya kuguswa na mashine. Valarie alivifua kuanzia alfajiri, kimoja kimoja, kama unaosha mtoto mchanga.

— Baba Nekesa, alisema. Odongo anasema nimpe mpaka saa sita ndiyo atajua. Lakini nikingoja saa sita, jua litakuwa limeniacha. Wewe unaonaje?

Wiki tatu nzima hajamuuliza. Nyongesa akainuka kwenye benchi, akatazama.

Mimi nami nikatazama. Juu ya Menengai kulikuwa na wingu la rangi ya sufuria iliyoungua. Upepo wa ziwani, ule wenye harufu ya magadi, ulikuwa umekufa kabisa. Na asubuhi hiyohiyo, mbele yangu, Nyongesa alikuwa amempigia pasta simu akakataa kupanda paa la kanisa. "Leo hapana, pasta, hiyo paa itanitupa." Kwa hivyo alijua. Lakini akisema ngoja, atakuwa amesema neno la Odongo.

— Anika, alisema. Leo hakuna mvua.

— Una uhakika?

— Mimi ni nani hapa?

Valarie akamwangalia kidogo, kisha akarudi akaanika. Vitambaa kumi na viwili vikajaa kamba mbili, hadi ploti ikang'aa. Halafu akachukua begi la nguo zilizopigwa pasi akaenda kuzipeleka kwa wenyewe, mtaa wa Shabab.

Saa sita na robo Odongo alitoka mbio kwa mlango wake, simu mkononi.

— Mama Nekesa! Toa nguo! Inakuja na mawe!

Alipoona Valarie hayuko, akaanza kutoa kitambaa cha kwanza yeye mwenyewe. Nyongesa alivuka barabara hata sikuona alivyovuka. Alimshika mkono.

— Hizo nguo ni za nyumba yangu.

— Ndugu, nakuomba. Inakuja.

— Nimesema hazitaguswa. Wewe ni nani wa kugusa nguo za bibi yangu?

Tulimfuata mimi na Wakili, tukamwambia, Satelaiti, wacha ujinga, tutoe sote, dakika mbili tu. Akasimama mbele ya kamba, amepanua mikono. Odongo alimtazama, akaona macho yake, akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili.

— Sawa, ndugu, alisema. Ni nyumba yako.

Haikufika nusu saa. Ilianza kwa upepo, halafu mawe, makubwa kama punje za njugu, yakipiga mabati mpaka hungesikia mtu anayepiga kelele sikioni mwako. Hapo ndipo Nyongesa alianza kuvuta nguo, peke yake, mawe yakimpiga kichwani. Alikuwa ameshika tatu hivi nguzo ya kamba ilipovunjika. Kamba zote mbili zikaanguka. Vitambaa vya Bhagwanti vikaburutwa kwa matope hadi kwa mtaro, na kimoja kikanaswa na waya wa uzio, kikachanika urefu wa kiganja.

Valarie alirudi mvua ikiwa imebaki manyunyu. Alisimama kwa geti.

— Uliniambia nianike.

— Mvua imenidanganya, Mama Nekesa.

— Nimekutana na pasta njiani. Mbona basi hukupanda paa la kanisa?

Nyongesa akaweka chini vile vitambaa vitatu alivyokuwa ameshika.

— Mimi mwenyewe niliona yale mawingu, Valarie akasema. Nimefua nguo miaka kumi na tano, unafikiri siangalii juu? Niliyaona. Lakini nikasema, wacha niulize mwenyewe anayejua. Uliponiambia anika, nikaacha macho yangu nikashika neno lako.

— Nilijua itanyesha, Nyongesa akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Nilijua.

Valarie aliinama, akaanza kuokota. Halafu akampigia Deepa simu hapohapo, tukisikia wote, akamwambia ukweli: vimeanguka, vina matope, kimoja kimeraruka, kosa ni la nyumba yangu. Upande wa pili Deepa akasema harusi iko palepale, na Unnati atakuja kuvichukua kesho saa saba, vilivyo.

Jioni ile Valarie alifua upya, na Wangui akafunika jiko lake mapema akaenda kumsaidia kusuuza. Nyongesa alichota maji. Alileta ndoo, Valarie anapokea bila kumwangalia.

Ijumaa asubuhi na mapema Nyongesa alikuja kuniamsha, akaniomba nimsindikize mahali. Ni nyumba ya pili kutoka kwake, hatua thelathini, lakini aliogopa kwenda peke yake. Odongo alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai.

— Jirani, Nyongesa akasema. Jana nilikukosea. Wivu ulinishika. Sina neno lingine.

Odongo akatoka nje, akasimama naye.

— Mimi ndiye ningekuja kwako kwanza, alisema. Nimekuja mtaa wa watu nikaanza kuongea juu ya kamba za watu.

— Sasa nakuuliza. Leo itanyesha?

Nilitamani Wakili na Wangui wangekuwepo kusikia hayo maneno yakitoka kwa mdomo huo.

Odongo akacheka kidogo, kwa aibu.

— Kwani unafikiri mimi najua mvua? Niko na mpwa wangu, Natalie, hupakia viazi kwa malori huko Molo. Kila siku saa sita ananipigia. Mvua ya huku mara nyingi huanzia kwao. Akiniambia wanafunika viazi na turubai, mimi nahesabu saa moja na nusu, saa mbili. Akisema ni ya upepo na mawe, kama jana, hiyo haingoji hata saa moja. Ni hiyo tu.

— Hiyo tu?

— Hiyo tu. Wacha tumpigie, tusingoje saa sita.

Alipiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena. Baadaye tulikuja kujua ile mvua ya mawe ilikata stima Molo nzima, simu ya Natalie ilikuwa imezima.

— Basi imebaki wewe, Odongo akasema. Mimi bila simu ni kipofu. Mawingu ni yako.

Nyongesa alitazama juu muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama. Alitazama Menengai, akageuka ziwani, akalowesha kidole akasikiliza upepo. Alipoteremsha uso alikuwa kama daktari anayeulizwa kama mgonjwa atapona.

Valarie bado hakuwa anaongea naye, kwa hivyo Wangui alipofika na jiko lake alimpa yeye ujumbe.

— Mwambie jua liko mpaka saa saba. Baada ya hapo sijui. Mwambie nimesema sijui.

Wangui akaenda. Tulimwona Valarie anasikiliza, anakausha mikono kwa leso. Halafu akatazama juu, yeye mwenyewe, kwa macho yake. Akachukua beseni.

Shida ikawa nguzo. Nyongesa alikata mpya, akachimba, lakini ardhi ilikuwa uji. Kila akisimamisha, vitambaa vikipata uzito, inalala. Aliweka mawe, ikalala. Mwishowe akaikumbatia, akazamisha buti kwa matope, akasimama. Saa tatu, saa nne, saa tano. Odongo akaomba ampokee kidogo, akatikisa kichwa. Wakili akampelekea kahawa akamnywesha kama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na methali.

Saa saba kasorobo tulikuwa tunakunja. Odongo alishika pembe mbili, mimi mbili, Wangui anapanga. Kile kilichochanika Valarie alikuwa amekishona, uzi mweupe juu ya mweupe, lakini ukiangalia unaona. Gari dogo likasimama, akashuka msichana wa miwani, amepakwa hina mpaka kwa viwiko.

— Sasa? akatusalimia. Mimi ni Unnati.

Valarie akamwonyesha kile cha kushonwa kwanza, kabla ya vile vizuri. Unnati akapitisha kidole juu ya uzi.

— Hii itakaa kwa meza yangu, alisema. Nyanya angekasirika, halafu angeniambia nimwage chai juu ya huu mshono nifunike.

Ndipo akainua macho. Kamba zote zilikuwa tupu sasa, hakuna hata soksi iliyobaki juu, na bado kulikuwa na mwanaume mkubwa amekumbatia nguzo katikati ya ploti, matope mpaka magotini, anatazama juu upande wa Menengai.

— Na huyo ni nani?

Tulijua sote. Wakili alishika kidevu. Odongo alianza kukunja upya kitambaa kilichokuwa kimekunjwa. Wangui alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Halikuwa swali letu. Nyongesa naye alilisikia, nikaona mabega yake yamekaza, lakini hakugeuka.

Valarie aliweka kitambaa cha mwisho juu ya vingine, akakilainisha kwa kiganja.

— Huyo ni wangu, alisema. Anatuangalilia mvua.