Kodi ya Chumba cha Baba

Muuguzi alifumba macho kama aliyelala, lakini masikio yake yalikuwa bado zamuni. Mbele yake ndani ya treni, fundi wa kampuni ya simu ya serikali alikuwa akimlalamikia mzee mstaafu wa hazina. "Mzee wangu, serikali inatuuzia masafa ya mawimbi ya simu kwa bei ya kuruka, na sisi ni mali yake! Minara tutajenga kwa fedha gani? Baba gani humtoza mwanawe kodi ya chumba?"

"Baba anayetaka mwanawe akomae. Mkipewa bure, kampuni nyingine zitalia."

"Basi asishangae tukikonda!"

Muuguzi akabana kicheko. Treni ilipopunguza mwendo, mzee akataka kumpigia mkewe, ila laini yake ya kampuni ya serikali haikushika mtandao. Akaazima simu ya fundi, ikaita papo hapo.

"Kumbe mnashika vizuri!"

Fundi akaangalia viatu vyake. "Hiyo laini ya washindani wetu, mzee. Yetu bado inalipa kodi ya chumba."