Shangazi Tone na Kona Iliyokataa Rangi

Leo, tarehe thelathini, karakana yetu inamuaga fundi wa sakafu aliyetumika kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu, lakini kwa wenzake ni Shangazi Tone.

Jina hilo alilipata kwa maji. Kabla ya kupaka rangi ya giza kwenye mbao za msonobari, hudondosha tone moja juu ya kila ubao, kisha huhesabu kimoyomoyo mpaka linyweke. Mbao laini, anasema, hazina kiu sawa. Ubao mmoja hubugia rangi ukawa kama mkaa, na jirani yake huionja tu, ukabaki kama chai ya maziwa. Ndipo sakafu hutoka na mabaka kama chui. Kwa hiyo yeye huzitangulizia vanishi iliyozimuliwa, nyepesi kama maji, ili kiu zilingane. Baadaye hupaka rangi ubao mzima, ukuta hadi ukuta, na kufuta ya ziada kabla haijakauka.

Alianza kwa kufagia takataka za randa. Inasemekana mwaka ule wa kwanza aliuliza maswali mengi hadi msimamizi wa wakati huo akamwomba apumzike kuuliza siku za Jumatano. Hakupumzika. Tangu hapo amepaka sakafu za madarasa, zahanati na jukwaa la ukumbi, ingawa mumewe hulalamika kwamba kwao wanakanyaga saruji tupu.

Kazi yake ya mwisho ndiyo iliyotutoa jasho. Mama mmoja fundi cherehani alitaka chumba chake kipya kiwe na sakafu nyeusi kama kahawa, na akasema wazi kwamba akiona baka moja tu atatandika zulia chumba kizima. Siku ya kupiga msasa, Shangazi alikuwa ofisini akifuatilia karatasi zake za kustaafu. Aliporudi kesho yake, rangi ilikuwa imeshapakwa, na kona ya mlangoni ilikuwa imepauka.

Wengine walitaka kuongeza rangi hapo. Alikataa, akieleza kwamba itakaa juu juu na kubanduka. Msimamizi akapendekeza mkeka mdogo. Funika kombe mwanaharamu apite. Shangazi alipiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni hadi kwenye kona, ambayo ilikuwa laini kama sahani.

"Kona hii imependwa kuliko chumba kizima," alisema. "Na nani?"

Fundi msasa aliinamisha kichwa. "Mimi, Shangazi. Nilijua mteja ataangalia mlangoni kwanza, nikamalizia na msasa laini kabisa."

Tulitegemea karipio, lakini Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Alitueleza kwamba ubao uliosuguliwa mno hufunga vinywa vyake, ukawa haunywi tena. Kisha akaagiza chumba chote kirudiwe kwa msasa wa aina moja, mlangoni na katikati sawasawa. Zilikuwa zimebaki siku nne astaafu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Sakafu ilipokuwa nyeupe tena, alidondosha matone mawili. La katikati lilinyweka alipofika kumi na mbili. La konani pia.

Jana asubuhi fundi cherehani alivua viatu mlangoni, akatembea taratibu akiwa ameinama, akarudi, akazunguka tena. Mwisho akauliza, "Hiyo kona niliyoisikia ni ipi?"

Shangazi alitazama huku na huku. "Mama, hata mimi naitafuta."

Zulia alilokuwa ameshalinunua limerudishwa dukani. Asante, Shangazi, kwa kutufundisha kuuliza mbao kabla ya kuzipaka. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na siku za Jumatano uulize maswali yote unayotaka.