Karata Nane Zilizojificha

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu jamani, mwenzenu nina ushuhuda.

Mimi nauza viatu Kariakoo, mnanijua. Msichojua ni kwamba mchana, wateja wakipungua, nilikuwa namwachia mke wangu duka, napanda ghorofani kucheza poka, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Wenzangu walitegemea bahati. Mimi nilikuwa nahesabu! Ikibaki karata moja kufunuliwa, nilijua ni ngapi zinaweza kuniokoa, hata zile zilizojificha. Nikajiona nina akili kuliko shetani. Kumbe, ndugu zangu, ndiye aliyekuwa ananifundisha hesabu!

Alhamisi nilibaki na Mangi, jirani yangu wa vitenge. Hela zilituishia, tukaweka mezani funguo za fremu zetu za duka. Kariakoo ukikabidhi ufunguo, umekabidhi ugali wa watoto. Tukaonyeshana. Mimi nina karata mbili za kumi mkononi. Yeye ana saba na nne, na mezani zipo saba, nne, tisa na mbili. Jozi zake mbili zimenipiga. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mangi akacheka, "Kaka, zimebaki kumi mbili tu za kukuokoa. Kwisha habari yako!"

Nikahesabu kwa sauti, Mangi anasikia. Kumi mbili, sawa. Lakini ikija tisa yoyote au mbili yoyote, mezani panatokea jozi ya wote. Na mimi napata jozi mbili, tena kumi zangu zinazifunika zake. Tisa zimebaki tatu, za mbili zimebaki tatu, na zile kumi mbili. Jumla nane!

Ikaja tisa. Nikapiga kelele, nikauvuta ufunguo wake. Mangi akautazama ule ufunguo mkononi mwangu. Akaniuliza polepole, "Sasa kaka, mke wangu mama Glory nikamwambie nini?"

Yesu wangu! Mke wangu alikuwa chini anapima watu viatu, hajui kwamba nimemweka mezani. Yupo pale nyuma, ndiyo kwanza anasikia leo. Nisamehe, mama. Hofu iliyonishika pale sijawahi kuipata hata siku niliyoshindwa. Nikamrudishia Mangi ufunguo, nikashuka ngazi nalia, "Mungu, nitoe humu!" Akanitoa! Namshukuru mbele yenu wote.

Lakini ndugu zangu, sijamaliza. Asubuhi hii mama Glory amenipigia simu analia. Mangi amepanda tena kule juu, na ufunguo amekwenda nao. Amemwambia mkewe asiogope, sasa na yeye anajua kuzihesabu zilizojificha. Ni mimi niliyemfundisha!

Nilitaka kumfuata, nikafika mlangoni pa lile jengo, miguu ikagoma. Naogopa. Nikiziona karata nitakaa, najijua. Aliyenitoa mimi ana uwezo wa kumtoa na yeye, hilo naliamini kwa moyo wote, ila peke yangu siendi. Mchungaji, nisamehe nakatisha ibada. Mwenye kumtumaini Mungu asimame, anishike mkono kwa nguvu, twende sasa hivi kabla hawajafunua ya mwisho.