Mwalimu Ghanim na Karatasi Ambayo Hakuipeleka kwa Sheikh

Marehemu Mwalimu Ghanim bin Thani al-Mazyad hakuwahi kuingia katika baraza ya Sheikh, mtawala wetu, akiwa na karatasi ya maombi mkononi. Wengi wetu hapa Ras al-Hazm tumeipeleka karatasi hiyo: ya kiwanja, ya kazi ya mtoto, ya matibabu ng'ambo. Sheikh akitia saini, umepata. Asipotia, unarudi Alhamisi ijayo.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941 katika Mtaa wa Wapiga Mbizi, mjukuu wa nahodha wa mashua za lulu. Babu yake alimsimulia kwamba zamani mtawala akizidisha kodi, manahodha walihamia pwani nyingine na watu wao, naye akawafuata kuwabembeleza warudi. Mafuta yalipoanza kuchimbwa mwaka 1954, mtawala hakuhitaji tena kodi ya mtu. Tangu hapo wa kubembeleza tukawa sisi.

Alihitimu ualimu Cairo mwaka 1964, akafundisha hesabu miaka ishirini na sita. Mwaka 1967 alimwoa Bi Moza binti Hilal. Mwaka 1990 alichaguliwa kuingia Halmashauri ya Ushauri, na humo akadai jambo moja tu: mgonjwa apelekwe ng'ambo kwa uamuzi wa madaktari, si kwa saini.

Mwaka uliofuata presha ya macho ikamshika. Hapa nchini hapakuwa na wa kumpasua. Bi Moza akaiandika karatasi yeye mwenyewe.

"Baba Hessa, ipeleke. Ukipofuka, nani atakuambia kanzu yako ina doa la mchuzi?"

"Wewe, Mama Hessa. Hujawahi kukosa kuniambia."

Alhamisi hiyo alikwenda barazani kusalimia, mikono mitupu. Sheikh alikuwa ameshasikia habari zake.

"Mwalimu, wenzako wameleta karatasi. Wewe umeleta macho mekundu tu?"

"Karatasi yangu iko Halmashauri, Sheikh wangu. Ikipita, itatutosha sote."

"Basi Halmashauri ikupasue."

Baraza nzima ikacheka. Nasi jamaa zake tulicheka. Hilo lisemwe leo mbele yake.

Sheria ilipita Machi 1996. Wa kwanza kusafirishwa kwa orodha ya madaktari alikuwa mjane wa mchunga mbuzi, mama ambaye hakuujua hata mlango wa baraza. Mwalimu alimwomba binti yake amsomee jina hilo gazetini mara mbili. Tangu mwaka huo watoto wetu wanatibiwa bila kumbusu mtu bega barazani.

Alifariki nyumbani kwa maradhi ya moyo, tarehe 12 Februari 2019, baada ya sala ya alfajiri. Ameacha mjane, Bi Moza. Watoto wawili, Hessa, ambaye ni daktari, na Faraj. Na wajukuu tisa.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lake.

Karatasi ile moja ingeyaokoa macho yake. Hakuipeleka, yakapofuka yote mawili.