Milango Minne kwa Alasiri Moja

Benchi letu liko kati ya kinyozi na karakana ya seremala, na seremala ndiye aliyelitengeneza. Nachemsha kahawa hapo, mwanangu mgongoni. Miezi minane iliyopita seremala alituambia mwenyewe kuwa amepimwa na ana virusi vya UKIMWI. Hakuna aliyesogea, fundi viatu alimwongezea kahawa tu. Kilichowasumbua wanaume wa benchi ni kingine. Mtu aliyetupatia shemeji mitaa minne, siku hizi anafunga kazi jioni, ananunua mboga na kwenda kulala kwake.

Kinyozi alisema ni zile dawa, zinapoza damu.

— Mbona zimemnenepesha? — fundi viatu akauliza. — Ile ni hofu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye mgongo unamuuma.

Mzee Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, akatikisa kichwa. Seremala hajaacha kitu, anajificha.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Jumapili nimemwona kwa macho yangu, milango minne kwa alasiri moja. Mgonjwa gani ana nguvu hizo?

Kinyozi alikuwa ameshaanza kukisia dawa za kumpa mtu nguvu hizo zinapatikana wapi, ndipo tukamwona mshonaji amesimama nyuma yao, futi ya kupimia shingoni. Mtaa mzima unajua seremala amemposa na anasubiri jibu. Fundi viatu aliinuka, akafuta benchi kwa mkono wa shati. Mshonaji hakukaa.

— Hiyo milango minne, kaka zangu, nilimsubiri nje. Alikwenda kuwaambia wale dada wakapime. Mmoja alimmwagia maji. Na kabla ya kuniposa alinipeleka kwa nesi, nikasikia mwenyewe kwamba anameza dawa kila siku, virusi havionekani tena kwenye kipimo, hawezi kuniambukiza.

Mzee Redio akatafuta kitu ndani ya kikombe.

— Nyie ndio mnaomjua, nisaidieni, — mshonaji akaendelea. Nani kati yenu amewahi kumwambia mwanamke ukweli kabla hajaulizwa?

Kinyozi alimtazama fundi viatu. Fundi viatu akamtazama mwanangu, naye alikuwa amelala.

Mshonaji akashukuru, akaingia karakanani. Msumeno wa seremala ukanyamaza.

Kinyozi alininyooshea kikombe. Nikamwambia kahawa imekwisha, ingawa birikani mlikuwa na kahawa ya vikombe viwili. Nikavijaza, nikavipeleka karakanani.